Mtungi wa Wapita Njia

Mwezi uliopita nilihudhuria msiba katika mtaa wa Cheyo, hapa Tabora. Wenye msiba ni watu wa uwezo. Walikuwa wamepanga katoni za maji ya chupa ukutani, na vijana wakapita wakimgawia kila mtu yake. Nilifungua ya kwangu, nikanywa, na papo hapo mtu ndani ya nyumba akatia ubani kwenye chetezo. Harufu ile ilipokutana na maji kinywani mwangu, kwa kitambo nikasahau nilikuwa nimekuja kumlilia nani. Wenzangu wa rika langu wataelewa. Kwetu ubani haukuwa wa maiti peke yao. Ulikuwa pia wa mitungi. Mtungi mtupu uliinamishwa juu ya makaa hadi moshi ukajaa tumboni mwake, kisha ukatiwa maji, na mnywaji akapata ubaridi wa udongo pamoja na manukato. Vijana nikiwasimulia hucheka. Sigombani nao. Maji yale yalikuwa matamu, tena yalikuwa hatari, na mtu mzima anapaswa kuyakiri yote mawili bila kumeza hata moja.

Nililelewa na bibi mzaa baba, katika nyumba ya udongo yenye baraza ndefu, kando ya njia ambayo zamani misafara ilipita ikitoka pwani kwenda Ujiji. Misafara ilikwisha kabla bibi hajazaliwa, lakini njia haikupata habari hiyo. Iliendelea kuleta watu. Asubuhi walipita wakulima wa Itetemia, wengi wao Wakristo, wamejitwika michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, asali na mkaa wakielekea sokoni. Jioni walirudi njia ileile, wamechoka. Kwenye pembe ya baraza yetu, juu ya mchanga uliozungushiwa mawe, ulikaa mtungi mkubwa uliofunikwa kwa kawa, na kando yake ilining'inia kata moja ya kibuyu. Aliyekuwa na kiu alifunua, akateka, akanywa, akafunika, akaenda zake. Hakuomba wala hakuulizwa kwao wapi.

Mtungi huo uliwekwa baada ya kufa kwa baba. Baba alikuwa fundi wa reli. Alishikwa na homa akiwa kazini, akafia Tura, stesheni iliyo mashariki ya Tabora, akazikwa hukohuko. Nilikuwa na miaka saba. Katika matanga yake nakumbuka miguu ya wanawake iliyokunjwa mkekani, na sauti ya mmoja wao ikimnong'oneza mwenzake: "Maskini, alikufa akiomba maji." Nililibeba neno hilo peke yangu. Watu wazima hudhani kwamba mtoto anayecheza na vifuniko vya chupa hasikii.

Arubaini ilipokwisha, bibi alinunua mtungi. Kila Alhamisi aliufukiza, akasoma Fatiha kwa jina la baba, kisha tukaujaza. Hakunieleza kitu, alikuwa mtu wa vitendo, na maelezo kwake yalikuwa kama chumvi, kidogo tu yalitosha. Lakini nilikuwa na macho. Jioni mimi ndiye niliyeujaza mtungi hadi shingoni. Baada ya hapo hakupita mtu. Asubuhi, kabla ya mpita njia wa kwanza, nilikuta maji yamepungua, vidole viwili, siku za joto vitatu. Nilipima kwa vidole vyangu mwenyewe. Kwa hesabu ya mtoto jibu lilikuwa moja tu: baba alikuwa akija kunywa.

Sikuogopa. Nilijiona nimekabidhiwa kazi. Mama alikuwa ameolewa tena huko Itigi, na kila likizo alituma salamu kwamba nipelekwe kwake kwa treni; kila likizo mimi nilipata maumivu ya tumbo. Nani angejaza mtungi? Miguu ya bibi ilikuwa imevimba, kisima kilikuwa mbali, na mabomba ya mtaani yalitoa upepo kila kiangazi. Nilimkumbuka mama hadi nikanusa kanga yake aliyoiacha, lakini sikwenda. Mtu aliyekwisha kufa na kiu mara moja, nilijiambia, hawezi kuachwa nayo mara ya pili.

Nilipofika darasa la nne, mwalimu wetu, Mwalimu Nestori, alituletea barua. Zilikuwa siku za Ujamaa, siku ambazo mtoto alifundishwa kwamba mambo ya dunia yanamhusu kama linavyomhusu shamba la shule, na katika hilo sijaona bado elimu iliyotushinda. Wanafunzi wa nchi tatu walikuwa wamejibu swali moja, naye akatusomea kwa Kiswahili. Swali lilikuwa hili: mgeni mwenye kiu akifika kwenu, atapata wapi maji, na utajuaje kwamba hayatamdhuru?

Mtoto wa Uswidi aliandika kwamba maji yalikuwa ndani ya nyumba yao, jikoni, bafuni na chooni, na kwamba hajawahi kujiuliza yanatoka wapi.

"Chooni?" Kulwa, mvulana wa Itetemia aliyekaa nyuma yangu, alisimama bila ruhusa. "Mwalimu, wanakojolea maji ya kunywa?"

"Kaa chini, Kulwa."

"Nakaa, Mwalimu. Lakini wanayakojolea?"

"Ndiyo, wanayakojolea. Kaa."

Darasa zima lilipiga makofi ya mshangao. Mtoto wa kisiwa kimoja cha Karibi alieleza jinsi walivyokinga mvua ya paa kwenye tangi la saruji, na jinsi baba yake alivyotia samaki wadogo ndani ili wale viluwiluwi vya mbu. Mtoto wa Misri alisema kwao wanakunywa mto, na mto huo unatoka kusini, hajui kwa nani.

"Kwetu!" Kulwa akasimama tena. "Ni maji ya ziwa letu hayo! Wasukuma wanaoga, wao wanakunywa!"

Tulicheka hadi Mwalimu mwenyewe akaficha uso nyuma ya barua. Leo, baada ya kusoma vitabu vingi juu ya jambo hili, nakiri kwamba sijapata kukutana na maelezo mafupi zaidi ya Kulwa kuhusu namna mataifa yanavyoshiriki maji.

Kisha ikawa zamu yetu kujibu. Wengi waliandika juu ya visima, mabomba yaliyokauka, na ng'ombe wanaonywea mahali panapotekwa maji ya watu. Mimi niliandika juu ya mtungi. Niliandika kwa fahari kwamba kwetu mgeni haulizi, kwamba maji yanafukizwa ubani, kwamba Mwislamu na Mkristo wanatumia kata moja. Juu ya baba sikuandika neno. Mwalimu alisema insha yangu ndiyo itakayotangulia katika bahasha.

"Kata moja, midomo mia," Kulwa alininong'oneza kwa nyuma. "Hayo si maji, dada, ni mchuzi wa mate."

"Mama yako huyanywa kila siku ya soko," nilimjibu.

"Ndiyo maana anatema."

Wiki hiyohiyo alikuja shuleni bwana afya. Ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeingia mitaani, na watoto wawili wa mtaa wa jirani walikuwa wamelazwa. Aliitwa Bwana Chilongani, mtu mrefu, mkavu, aliyefunga suruali kwa kamba ili isiguse mnyororo wa baiskeli. Alitueleza juu ya wadudu wasioonekana. Mwalimu Nestori, akitaka kumwonyesha kwamba tulikwisha kulitafakari suala la maji, alinisimamisha niisome insha yangu.

Nilisoma. Bwana Chilongani alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kata ni ngapi, binti?"

"Moja tu," nilijibu kwa sauti. "Na haijapotea hata siku moja."

Nilidhani angenisifu. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akauliza nyumba yetu ilipo, nami nikamwelekeza kwa ufasaha wote niliofundishwa.

Alifika kesho yake, Jumamosi, asubuhi, akiwa na balozi wetu wa nyumba kumi. Bibi alikuwa barazani akichambua mchele. Mama yake Kulwa, Mama Paulina, alikuwa amesimama kando ya mtungi, kikapu cha michembe kichwani, ndiyo kwanza amemaliza kunywa.

"Shikamoo, bibi," alisema bwana afya.

"Marahaba. Karibu maji."

"Hayo hayo ndiyo yaliyonileta." Alieleza kwa adabu. Mtungi uondolewe barazani. Kata moja inabeba ugonjwa wa mmoja kuwapelekea wote. Maji ya kisima yachemshwe. Alimpa siku tatu.

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Na nyumba yangu, niiondoe lini?"

"Bibi, mimi natumwa."

"Nenda ukamwambie aliyekutuma kwamba mtungi huu ni sadaka ya mwanangu. Siku atakayomfufua, nitauondoa."

Balozi alikohoa. Mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni. Fikra yangu haikuwa kwa wadudu. Niliona siku tatu, kisha asubuhi ya nne, na baba amesimama penye mchanga mtupu. Tena ni mimi niliyemleta mtu huyu. Ni mimi niliyesoma kwa sauti.

"Bibi, watoto wanakufa," bwana afya alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imepoteza ulaini.

"Usinifundishe kufiwa!" Bibi aliweka ungo chini. "Mimi ni Mnyamwezi wa hapahapa. Babu yangu alibeba pembe begani kutoka hapa hadi Bagamoyo. Hawezi kutoka mtu huko atokako akanizuia kumpa msafiri maji!"

Kisha nikaona jambo ambalo sikulitarajia: uso wa Bwana Chilongani ulikunjuka. Alimgeukia balozi.

"Hukuniambia kwamba ni Mnyamwezi! Mimi na haya majina ya Kiislamu nilidhani nazungumza na Mmanyema." Akavua kofia. "Kumbe nimesimama mbele ya mpagazi wangu! Bibi, mimi Mgogo wa Mvumi."

Msomaji asiyejua utani wa makabila ataona ni upuuzi. Lakini Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana haki asiyokuwa nayo serikali: hutukana bila kutenda kosa, huchukua bila kuiba, na msibani ndiye huingia na kuwachekesha waliofiwa. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko tusi lake. Bibi alilijua hilo. Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kamba ya suruali.

"Mgogo," alisema. "Ndiyo maana. Babu zangu walifika kwenu ndimi zimekauka, mkawauzia tope kwa shanga na vitambaa. Leo babu zako wamekutuma mjukuu wao uje kunifungia maji ya bure!"

"Tuliwauzia kwa sababu mlikuwa mnaruka kisimani na mizigo yenu na jasho lenu! Bei ile ilikuwa ya sabuni!"

Mama Paulina alicheka hadi akautua mzigo. "Mwambie, mayo!" alimhimiza bibi, akimwita mama kwa lugha yetu. "Mwambie walivyokuwa wakificha visima kwa majani!"

Bwana Chilongani alikwisha kuinyakua kata. Akaichomeka kwenye mkanda wake kama sime. "Hii nimeiteka. Hairudi bila kuku wawili." Kisha, akiwa bado anacheka, akauliza, "Huyo mwanao, alizikwa na watani?"

"Alizikwa Tura na watu wa reli, mwaka wa tatu huu," bibi alijibu. "Habari ilinifikia kaburi limekwisha funikwa. Hakuna mtani aliyekuja."

"Basi nimechelewa msiba miaka mitatu. Nina deni."

Na hapo, mbele ya balozi, mtu yule wa serikali alijilaza chali mkekani, akafunga macho, akatoa ulimi. "Mama! Mama weee!" aliita kwa sauti nyembamba. "Mwanao nimekufa na kiu! Na mtungi ulioniwekea nimeukuta umejaa mate ya Mama Paulina!"

Kisha bibi, bibi yangu ambaye tangu matanga sikupata kuyaona meno yake, alipasuka kwa kicheko, akacheka akijipiga mapaja, na machozi yakamtoka, akampiga mtu yule kwa upande wa kanga.

"Mwongo mkubwa wewe! Mwanangu hakufa na kiu!"

Nilitoka mlangoni.

"Aliomba maji, akapewa," bibi aliendelea, sasa akilia na kucheka pamoja. "Mlinzi wa stesheni aliyekuwa naye alikuja mwenyewe kunieleza. Mke wa mtu wa reli alikuwa na watoto pacha, amewachemshia maji na kuyapoza. Akamletea mwanangu kikombe cha bati, akamwinua kichwa, akanywa, akaongezwa, akanywa tena. Akasema alhamdulillahi. Hakuomba kingine. Mimi mwanamke yule simjui kwa jina wala kwa sura. Nimshukuruje? Ndipo nikaweka mtungi, kila atakayepita apewe kama mwanangu alivyopewa."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka jina la Tura tangu matanga. Kumbe maneno ya yule mwanamke wa matanga yalikuwa kweli, lakini yalikuwa nusu tu, nami nilikuwa nimeishi ndani ya nusu hiyo miaka mitatu.

"Basi," niliuliza, na wote wakanigeukia, "nani anakunywa maji ya mtungi watu wakilala?"

Bibi hakuelewa. Nikaeleza yote: vidole viwili, vidole vitatu siku za joto, baba, Itigi, maumivu ya tumbo ya uongo. Nilipomaliza, Mama Paulina alikuwa amejifunika mdomo. Nilingoja wacheke. Bwana Chilongani aliinuka mkekani, akajikung'uta, akanishika mkono na kuukandamiza tumboni mwa mtungi, kwa nje. Kiganja changu kikalowa.

"Unatoka jasho," alisema taratibu. "Udongo una vitundu. Maji hupenya, hukauka kwa hewa, na ndiyo sababu yanayobaki ndani huwa baridi. Fukua mchanga chini yake."

Nilifukua. Mchanga ulikuwa mbichi.

"Baba yako anakunywa kwa Mola wake, mjukuu wangu," bibi alisema. "Haingojei kata yangu mbovu hii."

Kisha akautazama mtungi kana kwamba ndiyo kwanza ameletewa. Nimesoma hoja nyingi za watu wenye elimu wakijaribu kuwageuza wengine, na nimewahi kutoa zangu. Lakini sijasahau kwamba bibi hakugeuzwa na daftari la mtu. Aligeuzwa na maneno aliyoyatoa mwenyewe.

"Aliwachemshia wanawe," alisema polepole. "Yale aliyowachemshia wanawe ndiyo aliyompa wangu. Nami hawa wa watu nawapa nini?" Akageuka. "Wewe mtoto, sufuria la shughuli liko wapi?"

Mtungi haukuondolewa. Ulipata kifuniko cha mbao, na upawa wa mpini mrefu ambao haukuguswa na mdomo wa mtu. Mpita njia alimiminiwa kikombeni, na kikombe kikasuuzwa kwa maji ya moto. Mama Paulina alilalamika wiki nzima kwamba maji yana moshi, akanywa vikombe viwili viwili. Kuni zilizidi kuwa kazi, na bibi hakunung'unika. Kuku wawili walitoka, kata haikurudi. Nami niliambiwa na Mwalimu niirekebishe insha kabla ya bahasha kufungwa, nikaongeza ukurasa mzima, nikaandika kwamba wema ambao haujauliza utamdhuru nani bado haujamaliza kazi yake. Nilikuwa na miaka kumi; naona haya kwa majivuno ya sentensi hiyo, lakini sijaona sababu ya kuikana.

Likizo ilipofika sikuumwa tumbo. Asubuhi ya safari nilipita kando ya mtungi bila kuufunua, na wepesi nilioupata mabegani nilidhani ni wa gauni jipya. Treni ilikwenda mashariki, ikasimama Tura. Wanawake walikuja mbio chini ya madirisha na mabeseni ya karanga, asali na kuku wa kuchoma, wengine na watoto mgongoni, wakipaza sauti kila mmoja kwa bidhaa yake. Niliwatazama mmoja mmoja. Sikujua ni yupi aliyempa baba maji, wala kama alikuwapo. Basi nilitoa kichwa chote dirishani, nikawaamkia wote kwa sauti kubwa kuliko ile niliyosomea insha.

"Shikamooni!"

Waliacha kutangaza biashara zao, wakainua nyuso kutafuta ni mtoto wa nani huyu mwenye adabu, wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba!" Treni ikaondoka.